Fundo la Nne Alilifunga Nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Mbagala. Tangu mwaka juzi naandika hadithi ndefu ya kubuni kwa ajili ya vijana, inaitwa Pepo Nne. Ina sehemu nne, na kila sehemu nimeipa jina la upepo: Kaskazi, Kusi, Matlai, na ya mwisho Umande. Inamhusu Zuhura, msichana wa kijiji cha wavuvi, anayesikia pepo zikisema. Kuna mchawi anaitwa Mfunga Pepo, amezifunga pepo zote kwenye kamba yenye mafundo manne, bahari ikalala na vyombo vikakwama. Kila sehemu Zuhura anafungua fundo moja. Nauza kwa simu, sehemu moja shilingi 2,000, na kundi langu lina watu zaidi ya 300. Sehemu tatu zimekwenda vizuri. Ya nne imenishinda, mwezi wa tano huu. Nimepanga vita kubwa: majahazi 12 ya Wafalme wa Chuma yanakuja kutoka ng'ambo, na Zuhura anakufa akikiokoa kijiji. Nilidokeza kidogo kundini, wakachachamaa. Nusu wanasema akifa wanajitoa, nusu wanataka aolewe na Makame. Nikaitisha kura, ndiyo mambo yakaharibika kabisa. Naomba unisaidie: afe au asife? Na vita iwe ndefu kiasi gani? Sehemu zote tatu nimekutumia, pamoja na mpango na rasimu ya hiyo ya nne.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zote tatu nimezisoma. Mbili za kwanza nilizimaliza kwenye mwendokasi, asubuhi na jioni, nimesimama nimeshikilia bomba kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Ya tatu niliimaliza kitandani saa nane usiku, jambo ambalo mke wangu hakulifurahia. Kwa hiyo tuanze na hilo: kusimulia unajua. Ndiyo maana nitakuwa mkali kidogo. Asiyejua ningemwambia "hongera, endelea", tukaagana.

Jibu fupi ni kwamba asife, asiolewe, na hayo majahazi 12 yazamishe leo hii kabla hayajaonekana pwani. Jibu refu linataka nikueleze kwanza habari ya pete.

Mwaka 1996 nilikuwa naandika hadithi ya mfululizo kwenye gazeti moja la wiki hapa mjini. Jina lake liache. Tulikubaliana matoleo 20. Likatoka toleo la 18, chini yake "itaendelea toleo lijalo" kama kawaida, na wiki iliyofuata nafasi yangu ikakaa tangazo la sabuni. Sikuambiwa kitu, na wasomaji hawakuambiwa kitu. Picha yangu ilikuwa inatoka pembeni ya hadithi, kwa hiyo mjini nilikuwa najulikana, na karibu mwaka mzima watu walinisimamisha kuniuliza ikawaje. Siku moja konda wa daladala la Mwenge–Posta aliziba mlango kwa mkono, akasema sishuki mpaka niseme yule dada alitoka kisimani au hakutoka. Nikamaliza hadithi palepale, mguu mmoja kwenye ngazi, abiria wametega masikio. Nilipomaliza nikaona nimefanya kazi nzuri. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaniuliza: "Na ile pete?"

Pete gani? Nikasimama kama mjinga. Kumbe toleo la pili nilimvisha yule dada pete ya marehemu shangazi yake, nikaandika kwamba haivuki kidole cha mwongo. Nilikuwa nimetafuta tu sentensi ya kupendeza kufungia aya. Mama yule aliibeba pete yangu kwa matoleo 16 na miezi kadhaa juu yake, mimi niliyeitengeneza nikiwa nimeishaitupa.

Toka siku hiyo, mwandishi akinijia na sehemu ya mwisho iliyokwama, sitaki anionyeshe alipokwama. Nataka daftari. Huko Mbagala kuna duka la Mangi unapokopa sukari, sivyo? Unajua lile daftari lake: jina, kitu, kiasi, na siku ukilipa anapiga mstari. Hakuna jingine. Sehemu ya mwisho ya hadithi ndefu inaandikwa kutoka kwenye daftari la namna hiyo. Unarudi ukurasa wa kwanza wa sehemu ya kwanza, unasoma kalamu mkononi, na kila mahali ulipompa msomaji kitu cha kusubiri unaandika: nini, sura gani, kimelipwa au bado. Aliyefanya hivi vizuri kuliko wote ninaowajua ni Rowling. Kwenye kitabu cha kwanza cha Harry Potter, mwaka 1997, kijana anadaka kwa mdomo kile kimpira cha dhahabu chenye mabawa, nusura akimeze. Msomaji anacheka, anapita. Mwaka 2007, kitabu cha saba, kimpira kilekile kinafunguka kijana anapokigusa kwa midomo, akiwa njiani kwenda kujitoa auawe. Deni la miaka 10, na kwa muda wote huo lilikaa machoni pa watu kama mzaha.

Usijilaumu kwa kukwama. Sisi tuna mifano michache ya kazi ya aina hii. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, Willy Gamba wa Elvis Musiba, wote ni mashujaa wanaorudi kitabu baada ya kitabu, lakini kila kitabu kina kesi yake na inaisha mlemle. Unaweza kuanzia popote. Hadithi moja inayobebwa vitabu vinne bila kutua ni mzigo mwingine, na shule ya magazeti niliyopitia mimi ilitufunza kuandika "itaendelea", haikutufunza kuandika "mwisho".

Sasa daftari lako. Nimekufungulia mimi mwenyewe, kwenye daftari la kurasa 48 la mjukuu wangu. Nimepata madeni 27 ambayo hayajapigwa mstari. Mengine ni ya kuchekesha: kwenye Kusi, sura ya tisa, Makame anamfunga mbuzi wake kwenye mkungu nje ya msikiti "kwa dakika moja tu", na mbuzi huyo amefungwa hadi leo. Mengine unaweza kuyasamehe. Lakini matatu hayasameheki.

La kwanza ni onyo la bibi. Kaskazi, sura ya tatu, bibi anamwambia Zuhura: "Atakayefungua fundo la mwisho, upepo hatausikia tena." Umeliandika mara moja hukulirudia, nami nakusifu kwa hilo, maana waandishi wengi wangelipigia ngoma kila sura.

La pili ni Nassoro. Hadithi yako inaanza na kaka mtu anatoka alfajiri na ngalawa, bahari inalala, harudi. Zuhura anaanza safari yote kwa sababu yake. Halafu nimehesabu: kwenye Kusi jina lake linatajwa mara nne, kwenye Matlai mara moja, na hiyo moja ni kwenye wimbo. Wewe umemsahau. Wale watu 300 hawajamsahau, niamini. Yule mama wa kiti cha nyuma yumo humo kundini.

La tatu ni jina la sehemu ya nne yenyewe, Umande, na hapa nataka tukae kidogo.

Nilikwenda Feri Jumamosi kununua samaki, nikawauliza wazee wa ngalawa juu ya pepo zako. Wamezipitisha, umezieleza sawasawa: kaskazi miezi ile ya joto, kusi ikianza na masika, matlai kutoka mashariki. Nikawauliza umande. Wakanitazama kama niliyeuliza maji ni nini. Umande ni upepo wa nchi kavu. Unatoka bara, unashuka pwani usiku wa manane hadi alfajiri, ni mwororo, na ndio unaomsukuma mvuvi kutoka nje kabla jua halijapanda. Huo ndio upepo uliouweka mwisho. Nilikuwa nimefurahi sana nilipouona kwenye orodha yako ya sura: baada ya pepo kubwa zote zinazopasua matanga, hadithi inaishia kwenye upepo mdogo usioweza hata kuzima kibatari. Nikafungua mpango wa sehemu ya nne, nikakuta majahazi 12 na mizinga.

Hao Wafalme wa Chuma ni akina nani? Katika kurasa zako zote 600 na ushee hawajatajwa hata mara moja. Naelewa wametoka wapi. Ukiwa umekwama, adui mpya ni kitulizo kikubwa: ana nguvu, hana historia, hana deni kwa mtu. Hata wakubwa hukimbilia huko. Tomi Adeyemi alitoa kitabu chake cha kwanza cha Urithi wa Orisha mwaka 2018, cha pili 2019, na cha tatu cha kufungia kikaja 2024. Vitabu viwili vya mwanzo ni ugomvi wa nchi moja, wenye uchawi na wasio nao, ndugu kwa ndugu, na unauma. Cha tatu kinaleta adui kutoka ng'ambo, na mbele yake wale waliokuwa wakichinjana wanakuwa upande mmoja. Wapo walioipenda njia hiyo. Mimi nilifunga kitabu nikiwa bado nadai ule ugomvi wa kwanza, ambao mgeni aliusukuma pembeni kabla haujaisha.

Wewe huhitaji mgeni. Soma tena mwisho wa Matlai. Fundo la tatu linafunguka, upepo unavuma kutoka baharini siku tatu, na vyombo vilivyokwama vinarudi kimoja kimoja, wanawake ufukweni wanahesabu matanga. Ni sura nzuri kuliko zote ulizoandika. Nami nilikuwa nahesabu pamoja nao. Vimerudi vyombo 14. Ngalawa ya Nassoro haimo.

Umeona ulichokifanya? Upepo wa kumrudisha nyumbani ulivuma siku tatu mfululizo, na hakurudi. Sidhani kama ulikusudia. Nadhani ulimsahau tu. Lakini msomaji atajua ni mawili: amekufa, au hataki kurudi.

Nikarudi nyuma kutafuta. Kaskazi, sura ya pili, kabla ya lolote kutokea, Nassoro anamfundisha mdogo wake kushona wavu. Umeandika hivi: "Fundo la Nassoro lilikuwa dogo, likivutwa kinyumenyume, na hakuna mtu kijijini aliyeweza kulifungua ila Zuhura." Halafu nenda Matlai, ukurasa wa tatu kutoka mwisho. Zuhura anaishika ile kamba, limebaki fundo moja. Umeandika: "Hili halikufanana na mengine. Lilikuwa dogo, limekazwa kama la wavu."

Nilikaa kitako kitandani. Mke wangu akauliza kuna nini.

Sijui mkono wako ulijua kitu ambacho kichwa hakijui, au ni bahati. Inatokea sana kwa watu wanaoandika mfululizo, maana picha ile ile humrudia mtu miezi mingi baadaye bila kuitwa. Lakini iko pale, imeandikwa, na watu 300 wameshailipia. Mfunga Pepo ni mtu wa baharini. Kaskazi, kusi na matlai amezifunga mwenyewe. Umande unatoka bara, unapita juu ya mapaa ya kijiji. Angehitaji mtu wa kijiji. Na kwa nini kijana mwema aufunge umande? Ukurasa wako wa kwanza kabisa: baba yao alitoka na umande, hakurudi. Umande ndio unaopeleka watu baharini. Ukifungwa, hakuna baba wa mtu atakayetoka tena. Kijana anaweza kufanya jambo hilo kwa mapenzi matupu, kijiji kizima kikafa njaa kwa mapenzi yake.

Huo ni mkono wangu, unaweza kuukataa. Lakini uking'ang'ania majahazi 12, jua kwamba unayaleta ili kuziba mlango ambao umeshauacha wazi.

Sasa kufa. Mimi sina ugomvi na kifo cha shujaa. Tumelelewa na kifo cha Fumo Liyongo. Katika utenzi alioandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo hashindwi na jeshi. Mtawala wa Pate anamtegea mitego na yote anaiponyoka. Anayemmaliza ni mwanawe (wengine husimulia kuwa ni mpwawe), aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, na silaha ni sindano ya shaba, kitovuni, baba akiwa usingizini. Tazama mtunzi anavyoendelea baada ya hapo. Liyongo anaamka na uchungu, anachukua uta na mishale, anakwenda mpaka kisimani, anapiga goti, anatega mshale, na roho inamtoka akiwa vivyo hivyo. Mwili hauanguki. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai na amekasirika. Hakuna anayethubutu kwenda kuchota maji. Mji unashikwa na kiu mpaka mama yake anaombwa akamtulize mwanawe, naye anakwenda kumbembeleza maiti. Mwili unakuja kuanguka baadaye, ndipo sindano inaonekana. Na binti wa mfalme kijana hapewi.

Kifo hicho kinafanya kazi mpaka siku ya mwisho. Kinamtia hofu mfalme, kinakausha mitungi ya watu wasiohusika, kinamtoa mama nyumbani. Nimekitafuta kifo cha Zuhura kwenye mpango wako nione kinafanya kazi gani, na nimeona moja tu: kundi lilie. Litalia, sawa. Kesho yake litauliza kuhusu Nassoro.

Na bibi hakusema atakufa. Alisema hatausikia tena upepo. Msichana huyu tangu ukurasa wa pili anaamshwa na pepo, anaonywa nazo, kwenye Kusi anapokuwa peke yake kisiwani siku 40 hana wa kuongea naye ila upepo. Kumwondolea sauti hiyo ni kumwachia maisha marefu ya ukimya akiwa na miaka 17. Ukimuua unamwondolea deni. Wenzako wengi wanadhani kuua ndiyo ujasiri wa mwandishi, na wanaiga vitabu vya ng'ambo ambavyo wameviona kwenye sinema. Mwache alipe kile kile alichoambiwa, si zaidi wala si kingine.

Mengine nayapitia haraka. Kura usiitishe tena. Wasomaji wako wanajua wanachokiogopa, na hiyo ni habari muhimu kwako, lakini hawajui wanachokidai mpaka ukiwalipa. Waambie kwa adabu kwamba sehemu ya nne itatumwa ikishakamilika yote, hutaituma vipande vipande. Atakayetaka kurudishiwa pesa arudishiwe. Makame ni mtu mzuri, na kumwoza ni kumfanya zawadi ya kufungia sherehe. Ana kazi nyingine humu, nitaifikia. Akafungue mbuzi kwanza. Wahusika wako wenye majina ni 31. Usiwakusanye wote ufukweni wapige picha ya pamoja. Kuna kumi hivi ambao msomaji hatawaulizia kamwe. Na kuhusu kuchapa: usichape sehemu ya mwisho peke yake hata mtu akikushawishi. Pale Posta kwa wauza vitabu vya mitumba nimeshanunua mara mbili kitabu cha mwisho cha mfululizo kwa bei ya maandazi, kwa sababu hakuna anayekitaka bila vya mwanzo. Ukipata hela ya kiwandani, anza na Kaskazi. Namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na hati zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaanza kuzitembeza.

Lugha. Nikuonyeshe sehemu mbili, zote zako. Hii ni ya rasimu ya sehemu ya nne:

"Macho ya Zuhura yaliwaka moto wa ghadhabu. Alinguruma kama simba jike na kunyoosha upanga wake juu angani. 'Leo ndiyo mwisho wenu!' alifoka, na jeshi likapiga ukelele uliotikisa ardhi."

Msichana huyu hajawahi kushika upanga. Wala kunguruma simkumbuki akinguruma; kwenye sehemu tatu akikasirika anakaa kimya na kukwangua rangi ya kucha. Hii nimeisikia kwenye filamu za kusimuliwa, zile zinazouzwa vibandani, na msimulizi wa filamu angeisema vizuri kuliko wewe. Sasa hii, Kaskazi, sura ya tatu, bibi anamfundisha kuutambua umande:

"Kaskazi utaijua kwa masikio, kusi utaijua kwa nguo. Umande utaujua kwa pua. Umepita vijikoni kwa watu kabla haujafika kwako. Ukisikia harufu ya moshi wa kuni na muhogo wa jana, na shingo imelowa kidogo, geuza ngalawa, nenda."

Aliyeandika hii ndiye aandike sehemu ya nne. Sijui yule wa upanga alipata wapi funguo za nyumba.

Umeuliza vita iwe ndefu kiasi gani. Hakuna vita. Kuna ndugu wawili na kamba, mahali fulani nje ya mwamba, na dada peke yake ndiye anayejua kulifungua fundo la kaka yake. Mpe sura mbili, tatu zikizidi. Kinachotaka nafasi ni yanayofuata, na hapo ndipo waandishi wengi huishiwa pumzi, wanaandika "na wakaishi kwa raha" wakiwa wamesimama mlangoni. Tolkien, kwenye kitabu cha mwisho cha The Lord of the Rings, kilichotoka 1955, anaiteketeza pete ambayo hadithi nzima inaizunguka, kisha zinafuata sura sita. Sita! Wale wadogo wanarudi kwao wanakuta miti imekatwa na kijiji kimeharibiwa, wana kazi ya kufanya, na aliyebeba pete kidonda chake hakiponi. Wewe sita huhitaji. Tatu zinatosha: moja ya kurudi, moja ya kijiji kujua nani aliufunga umande na kuamua kitamfanya nini Nassoro (hapa ndipo Makame ana kazi, maana baba yake alikufa mwaka ule wa njaa, na rafiki wa kweli wa Zuhura ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumchukia kaka yake), na moja ya mwisho.

Hiyo ya mwisho nilikuwa na hamu ya kukuandikia, nikajizuia. Nitakuambia tu ninachokiona. Umepanga iishie Zuhura amesimama ufukweni, upepo unavuma, anatabasamu. Lakini umande haumleti mtu ufukweni. Wale wazee wa Feri wangekucheka. Umande unatoa watu nje. Kwa hiyo asisimame. Ni alfajiri ya kwanza baada ya miaka mitatu, ngalawa zinasukumwa majini, na Zuhura anapanda mojawapo, kwa sababu kijiji kina njaa na mikono inahitajika. Anaona tanga likijaa. Anaona midomo ya watu ikiimba, kwenye wimbo ule wa Nassoro, na wimbo anausikia vizuri, ila chini yake, mahali ulipokuwa unakaa upepo, hamna kitu. Usieleze anajisikiaje. Wapeleke nje, ng'ambo ya mwamba, mpaka kijiji kimekuwa mstari. Halafu shingo yake ilowe, na aisikie, kwa mbali, harufu ya moshi wa kuni na muhogo wa jana.